Kadi ya Gari la Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya msimu imeingia leo saa nne asubuhi, pamoja na gari. Ni gari la spoti la milango miwili, kijani cha chupa, fupi kiasi kwamba mwenyewe alishuka kama mtu anayeinuka kutoka mkekani. Ni daktari wa meno, mama wa makamo, huongea polepole huku akikutazama mdomoni. Nilifumba wangu.

"Kutwa nasikiliza mashine ya kuchonga meno na watu wazima wakilia," alimwambia Fundi. "Nataka mahali pamoja pa kusikilizia kitu kizuri."

Akatoa diski. Ni kwaya ya chuo chao, iliyorekodiwa miaka ishirini iliyopita. "Tulikuwa ishirini na wanne. Mimi nilisimama mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto. Nimejitafuta humu kwa kila redio niliyowahi kununua, sijajipata. Mkinionyesha niliposimama, kazi mmeiweza."

"Tutakuonyesha mpaka viatu ulivyovaa," Fundi akamjibu.

Akacheka, kisha akaacha. Akapitisha kiganja juu ya ngozi ya rangi ya kahawa iliyofunika kila kitu ndani ya gari: viti, milango, hadi nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele. "Hii aliishona marehemu kaka yangu kwa mkono wake. Mengine yote fanyeni mnavyojua. Hii msiikate."

Nikaandika kwenye kadi: NGOZI ISIKATWE. Nikapiga mistari miwili chini yake.

Nimeanza daftari hili leo kwa sababu chuoni tulifundishwa kwamba kisichoandikwa hakikutendeka, na mimi naogopa sana vitu ambavyo huenda vilitendeka. Nina wiki ya tano hapa karakana. Tunafunga muziki kwenye magari. Fundi ni mjomba wangu, kaka wa mama, lakini siku ya kwanza alinisimamisha getini akasema: "Humu ndani mimi ni Fundi na wewe ni Karani. Ujomba tunauacha nje na matope." Meza yangu iko upande wa kulia wa benchi lake, hatua mbili tu. Kila nikimuuliza jambo, mara ya kwanza hukaa kimya, nikirudia ndipo hujibu. Nadhani hunipima kama nina hakika na ninachosema. Huwa sina.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hakuna la maana.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumesoma kadi. Hiyo ni desturi ya hapa: kabla kifaa chochote hakijagusa gari, karani husimama na kusoma kadi kwa sauti, mstari kwa mstari, na kila mstari wote waliopo hujibu "Imesikika." Zamani kuna mtu alitoboa mlango wa gari ambalo lilikuja kubadilishwa redio tu. Tangu hapo hakuna anayeshika keekee kabla kadi haijasomwa.

Waliopo ni wawili, Fundi na seremala. Seremala tunamwita Randa, kwa kazi yake na kwa ulimi wake, ambao haupiti juu ya mtu bila kumkwangua.

"Bi Kalamu," akaniambia, "unasoma kama mtu anayeomba msamaha. Hiyo kadi umemkosea nini?"

Nikasoma tena kwa sauti zaidi. Nilipofika "Ngozi isikatwe" sote tulitazama nguzo zile. Mshono wake ni mdogo, sawasawa, kama mwandiko wa mtu mtulivu.

"Imesikika," wakasema.

Jumatatu, 10 Machi

Tangu Alhamisi tunalivua gari. Gari likivuliwa huonekana la huzuni, kama kuku aliyenyonyolewa. Fundi amebandika mpira mzito ndani ya milango ili bati lisitetemeke, na ukigonga sasa haulii "ting", unasema "du". Mimi nafunga vibandiko kwenye nyaya: kushoto juu, kushoto chini, kulia juu, kulia chini. Navikagua mara tatu. Mara ya nne Randa akaniuliza kama naogopa vitahama vyenyewe.

Anatengeneza sanduku la besi la kukaa nyuma ya viti, na pete za mbao za kubebea spika za milango. Mbao zinavimba kwa unyevu, anazikausha kwa taa kama vifaranga.

Alhamisi, 13 Machi

Mjomba alikuja kwetu kula. Nyumbani ni mjomba, anacheka, ananiita mpwa wangu msomi. Mama alikaa kulia kwake, akamwomba chumvi mara mbili. Hakugeuka. Alipoondoka mama akasema: "Ndugu yangu siku hizi ana dharau. Tangu apate wateja wa magari ya milango miwili."

Jumamosi, 15 Machi

Nyaya zimekamilika. Vibandiko havijahama.

Jumanne, 18 Machi

Sauti ya kwanza. Fundi hupenda kuwasha kwa sekunde kumi tu, kisha kuzima, "ili lisikuzoee." Sekunde zile kumi nilisimama nje ya mlango uliofunguliwa, na ilikuwa kana kwamba watu wameingia karakana bila kubisha hodi.

Randa hakusema neno. Kwake hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 20 Machi

Sitaki kuandika ya leo, ndiyo maana naandika.

Mvua ilipumzika, tukafunga milango ya karakana, tukaanza kusawazisha. Kazi ina sehemu mbili. Kwanza maikrofoni huwekwa kwenye kiti cha dereva, mahali pa kichwa, na kompyuta huchora mstari kuonyesha kila spika inatoa nini. Kuna kisanduku tunachokiita prosesa kinachoamua kila spika itoe sauti kiasi gani, na mimi ndiye ninayekiingizia nambari kwa kompyuta. Kufika saa sita mistari ya kushoto na kulia ililala pamoja kama pacha.

Sehemu ya pili ni ya Fundi peke yake. "Mashine inapima sauti, haipimi wimbo," husema. Hukaa kwenye kiti, hufumba macho, huita nambari. Mimi huandika kwenye kadi na kuingiza. Mwisho wa kadi pana mistari miwili: Aliyesikiliza, Aliyeandika. Wa kwanza ni wake tangu karakana ifunguliwe.

"Kulia panazama," akasema. "Ongeza nusu desibeli."

Nikaongeza.

"Nusu tena."

Akaenda hivyo hadi tatu. Akafumbua macho. "Hapo. Wamesimama."

Alipotoka kunawa mikono nikakaa kwenye kiti ili nifute vumbi la usukani. Diski ilikuwa bado inaimba. Watu wote ishirini na wanne walikuwa wamebanwa kwenye mlango wa kulia kama abiria wanaotaka kushuka. Kushoto palikuwa patupu.

Nikajiambia ni masikio yangu. Jioni nikatoa kadi za zamani, nane, za mwaka huu na uliopita. Nikatazama mstari mmoja tu, nyongeza ya kulia baada ya Fundi kusikiliza. Sifuri. Sifuri. Nusu. Nusu. Moja. Moja. Moja na nusu. Mbili. Ni kama mtu anayepanda ngazi bila kujua kwamba kuna ngazi. Wateja wengine hawakulalamika, maana wengi wanataka besi ya kutikisa vioo. Hawana habari na nani amesimama wapi.

Kisha nikakumbuka chumvi ya mama. Nikakumbuka maswali yangu ninayoyarudia.

Sikio lake la kulia linakufa, na mimi pekee ndiye niliyeliona kwenye kadi.

Ijumaa, 21 Machi

Nieleze kwa nini siwezi kumwambia tu. Mwaka juzi nilikuwa mwanafunzi wa mazoezi kwenye ofisi moja. Mkuu alisoma takwimu mbele ya wageni, zikiwa na kosa. Nikanyoosha mkono, nikasahihisha kwa adabu. Wageni walishukuru. Jumatatu iliyofuata nikaambiwa nafasi yangu haipo tena, na mwaka mzima nikakaa kwa mama nikikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na huyu si mkuu wa ofisi. Huyu ni mtu ambaye jina lake lote ni sikio lake. Watu hutoka mbali wakisema, mpeleke kwa yule mwenye masikio.

Akimkabidhi daktari gari hivi, daktari atajikuta amehamishiwa mlango wa kulia. Atajua. Naye ni mtu wa kusema.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepata njia. Naiandika hapa ili iwepo mahali.

Asubuhi Fundi alirudi kusikiliza, akataka kuhakikisha. Nilikuwa nimerudisha kulia sifuri kabla hajafika, kama mashine ilivyopima. Akasema panazama. "Ile tatu haikushika. Weka tatu tena."

Nikaandika tatu kwenye kadi. Kwenye kompyuta sikugusa kitu.

Nilidhani atatosheka kwa kuamini. Wagonjwa wengine, nimesoma, hupona kwa vidonge vya unga mtupu.

Kaita 3. Nimeingiza 0.

Jumanne, 25 Machi

Hakutosheka. "Alhamisi tatu ilitosha, leo haitoshi. Kitu kimelegea humu." Akafungua mlango wa kulia wote.

Kaita 3 na nusu. Nimeingiza 0.

Jumatano, 26 Machi

Kafungua mlango tena. Kabadilisha spika ndogo ya juu, kaweka mpya kutoka boksini. Kafungua waya wangu wenye kibandiko na kuuvuta upya wote, kutoka nyuma hadi mbele, akiwa amelala chali na tochi mdomoni.

Kaita 4. Nimeingiza 0.

Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa. Hilo ndilo lililonitisha.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua kubwa juu ya bati, hakuna kusikiliza. Fundi kahamia kwa Randa.

"Pete yako ya kulia ina mwanya."

"Fundi, hiyo pete hata siafu hapiti."

"Chonga nyingine."

Akachonga. Mchana akaambiwa bado, achonge ya tatu, mbao zake zimevimba, siku hizi hakaushi vizuri. Randa ana miaka kumi na minne hapa. Hakujibu mzaha. Alikaa kwenye pembe yake akipiga msasa polepole, akishika pete usawa wa jicho kutazama kosa ambalo halipo.

Nilikuwa nikidhani ni mtu wa maneno tu. Leo nimeona kwamba maneno yake ni kama kifuniko cha sufuria, na mimi nimekiondoa.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemkuta mama akinung'unika jikoni. "Mjomba wako bwana. Nilimbembeleza mwezi mzima akaone daktari wa masikio. Akakubali, akapangiwa leo. Jana kapiga simu kaghairi. Ati amehakikisha, masikio yake ni mazima, kumbe tatizo ni gari la mtu."

Nilishika kisu na kitunguu nikasimama tu.

"Unalia nini?" mama akauliza.

"Kitunguu."

"Hujakikata."

Jumatatu, 31 Machi

Nimeelewa nilichofanya. Mtu akishuku sikio lake, hujaribu hivi: huongeza sauti upande ule, na akisikia imeongezeka, hujua gari linatii, basi kasoro ni yake. Mjomba alijaribu. Akaongeza tatu, akaongeza nne, hakikusogea kitu, kwa kuwa mimi sikusogeza kitu. Kwa hiyo akamalizia kwamba gari ndilo bovu.

Nilikuwa nimeamua kumwambia leo. Nimeandika na sentensi kwenye karatasi. Saa tano aliketi ndani ya gari, miguu nje, akiwa na matope ya grisi hadi viwikoni, akaniita. Hajawahi kuniuliza hivi.

"Karani. Wewe unasikia nini humu?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, sikuhitaji hata kuusukuma.

"Sijui, Fundi," nikasema. "Mimi ni mwandishi tu."

Jumanne, 1 Aprili

Randa kachonga pete ya nne. Hanitanii tena, hamtanii mtu. Mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Fundi amempigia daktari. Nilisikia upande wake wa mazungumzo, akiwa na simu kwenye sikio la kushoto kama kawaida, na sikujua kwa nini sikuwahi kuliona hilo.

"Daktari, nimefanya yote. Spika ya juu imekaa nje ya nguzo, upande wa kulia sauti inagonga kioo na kupotea. Nikiizamisha ndani ya nguzo itatulia. Lakini lazima nikate ngozi. Kipande kidogo, kama kifuniko cha chupa." Akasikiliza. "Najua. Najua alishona yeye. Nisingekuomba kama ingekuwepo njia nyingine." Akasikiliza tena. "Ahsante. Pole, Daktari."

Akanipa ishara. Nikakata mstari wangu wa NGOZI ISIKATWE, juu yake nikaandika: Nguzo ya kulia ikatwe, mwenye gari ameruhusu kwa simu.

Mwandiko wangu ni mzuri sana. Kila mtu husema.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika kila kitu kwa mpangilio wake.

Mvua ilikatika alfajiri. Nilipofika, gari lilikuwa katikati ya karakana, limefunikwa kwa mashuka yote isipokuwa nguzo ya kulia. Fundi alikuwa amechora duara kwa chaki juu ya ngozi. Randa alikuwa ameshika kisu cha ngozi, kile chembamba, bila kukiegemeza popote.

"Fundi," Randa akasema, "mshono wa marehemu huu. Tukishakata hakuna wa kumrudisha."

"Mwenyewe karuhusu. Karani, soma kadi."

Nikasimama mahali pangu, kulia kwake.

"Gari la spoti, kijani, milango miwili."

"Imesikika."

"Mwenye gari, daktari wa meno."

"Imesikika."

"Kazi, muziki kamili, kwaya ionekane ilivyosimama."

"Imesikika."

Mstari uliofuata ndio ule niliouandika jana. Niliutazama. Herufi zote zilikuwepo.

"Soma," Fundi akasema.

"Mjomba."

Randa akainua kichwa. Neno hilo halijawahi kutamkwa ndani ya geti.

"Uko kazini, Karani."

"Mjomba, ngoja kidogo."

Nikaenda mezani, nikatoa daftari hili kwenye mkoba. Nikarudi nikalifungua. Nilikuwa nimeandaa sentensi nzuri za kuanzia lakini zote ziliondoka, nikasoma tu kilichoandikwa.

"Tarehe ishirini na nne. Kaita tatu. Nimeingiza sifuri."

"Imesikika," Randa akajibu kwa mazoea.

"Tarehe ishirini na tano. Kaita tatu na nusu. Nimeingiza sifuri."

Safari hii Randa hakujibu.

"Tarehe ishirini na sita. Kaita nne. Nimeingiza sifuri."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka ukingo wa bati kuingia kwenye pipa. Randa alikuwa ameelewa. Lakini Fundi alikuwa akinitazama kwa subira, ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayengoja nianze.

"Rudia," akasema. "Sijakupata."

Kukiri kosa mara moja ni kugumu. Mimi niliambiwa nirudie. Nikamzunguka kwa mbele, nikaenda kusimama kushoto kwake, karibu, nikasoma tena yote matatu. Nikaongeza na ambayo sikuwa nimeyaandika: kwamba mashine ilionyesha kushoto na kulia viko sawa tangu siku ya kwanza. Kwamba nilitazama kadi za nyuma. Kwamba mlango hauna kasoro, wala waya, wala pete.

Akauliza kwa sauti ndogo: "Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kukuambia habari ya sikio lako."

"Habari ya sikio langu," akasema. Akakaa kwenye ukingo wa gari, juu ya shuka. "Nilishaanza kulishuku, mwanangu. Nilikuwa na siku ya kwenda, mama yako anajua. Ila nikasema, kwanza nijaribu. Nikaita nne. Kama ni sikio, nne nitaisikia ikija, hata kwa mbali. Haikuja. Nikajua ni gari. Nilifurahi, unajua? Nilifurahi mlango ule kuwa mbovu. Daktari wa masikio bado hajaniona, wewe ukanipa cheti kwamba ni mzima."

Nilisema pole, na neno lenyewe lilisikika dogo, kama kumpa mtu kijiko azimie moto.

Akamgeukia Randa. "Pete zako zilikuwa sawa."

"Najua zilikuwa sawa," Randa akasema. "Nimechonga nne."

"Pole."

"Ya kwanza ndiyo nzuri kuliko zote. Nimeificha."

Fundi akainuka. Akafuta chaki kwa mkono wa shati lake, taratibu, akifuata mshono asije akausugua. Alipomaliza duara halikuwepo. Akatoka getini bila mwavuli, na mvua ilikuwa imeanza tena.

Ijumaa, 4 Aprili

Fundi hajaja. Randa kafagia, kaondoka. Nimekaa na gari.

Jumamosi, 5 Aprili

Mama kampeleka kwa daktari wa masikio. Aliporudi hakunisimulia, alinitazama tu. Kisha: "Kaniambia nitembee kushoto kwake. Miaka hamsini nimetembea popote ninapotaka."

Mchana Randa alipita karakana kuchukua msasa. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Bi Kalamu, siku nyingine ukitaka kumwonea mtu huruma, muulize kwanza kama ana mahali pa kuiweka."

"Nimekukosea wewe pia."

"Sana. Kwa mwezi mzima utanisomea kadi kwa sauti ya jemadari."

Jumatatu, 7 Aprili

Fundi amekuja saa mbili kamili. Hakunisalimu, nami sikutegemea. Alivaa overoli, akawasha kompyuta, akavuta kiti mbele yake. Akaniita bila kugeuka.

"Panda."

"Wapi, Fundi?"

"Kwenye kiti cha dereva. Sikio la kulia limechoka, halirudi, ndivyo kasema. La kushoto lina miaka yake bado, lakini moja haliwezi kusema watu wamesimama wapi. Yanatakiwa mawili. Wewe unayo mawili. Panda."

"Fundi, mimi sijui kusikiliza."

"Ulijua vizuri tu mpaka ukanidanganya wiki mbili. Fumba macho."

Nikafumba. Akawasha diski. Kwaya ikaingia.

"Ita nambari," akasema.

"Sijui."

"Sijui si nambari. Ita."

Nikasikiliza. Wanaume walikuwa nyuma, wazito, walitulia. Wanawake wa mbele upande wa kushoto walikuwa wamekaribiana mno, mmoja kamfunika mwenzake. Nilitaka kuuliza kama nasikia sahihi. Hapakuwa na wa kumuuliza. Mjomba aliyekuwa akijua hilo alikuwa nyuma ya kompyuta akingoja kuambiwa.

"Kushoto juu," nikasema. "Toa nusu."

Nilisikia kidole chake kimoja kikitafuta herufi, tap, akisita, tap.

"Imesikika," akasema.

Na mtu mmoja katika mstari wa mbele akapiga hatua pembeni.

Tulifanya hivyo hadi saa saba. Mara mbili nilikosea, nikarudisha. Mara moja aliniambia niteremke nikanywe maji kwa kuwa masikio huchoka kama miguu, na nikikataa kuamini hilo nimtazame yeye. Hakuwa anatania. Au pengine alikuwa anatania. Bado sijui kama amenisamehe, na nimeamua kutomuuliza, kwa kuwa swali hilo lingekuwa kwa ajili yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Daktari wa meno amekuja kuchukua gari. Kitu cha kwanza alitazama nguzo ya kulia. Akaweka kidole mahali ambapo duara lilikuwa, kama aliyeambiwa.

"Hamkukata."

"Haikuhitajika," Fundi akasema. "Nilikuomba ruhusa bure, nikakuumiza bure. Kosa lilikuwa langu na la karani wangu, tumegawana."

Daktari alinitazama mdomoni. Sikuufumba.

Akaingia. Fundi akafunga mlango mwenyewe, ule wa kulia, uliofunguliwa mara sita, ukasema "du." Tukasimama nje sote watatu. Kwa kioo tulimwona akikaa wima kama mtu kwenye kiti chake cha wagonjwa. Wimbo ulianza, tuliusikia kwa mbali. Alikaa hivyo dakika nzima bila kusogea. Nilianza kuhesabu makosa yangu yote kwa mpangilio wa tarehe.

Kisha akainua mkono wa kushoto. Akanyoosha kidole juu ya dashibodi, akakisogeza, wa kwanza, wa pili, akakiacha hewani, wa tatu. Mdomo wake ulikuwa ukisema kitu. Randa, ambaye ana macho, akatusomea: "Anasema, kumbe nilikuwa naimba kwa sauti kubwa hivi."

Alipotoka akaomba kadi yake. Nilikuwa sijaiona tangu Jumatatu, Fundi aliichukua. Akampa. Chini, kwa mwandiko mzito uliopinda kama msumari uliogongwa vibaya, mistari miwili ilikuwa imejazwa. Aliyesikiliza: Karani. Aliyeandika: Fundi.

Gari limeondoka saa kumi, mvua ikinyesha. Nimerudi ndani kuandika, nikakuta meza yangu haipo. Nilisimama pale ilipokuwa, nikitazama alama nne za miguu yake kwenye vumbi. Ilikuwa imehamishiwa ng'ambo ya benchi, na kiti changu kimeshapangwa, na kalamu zangu zimelazwa kwa mpangilio uleule. Fundi alikuwa ameinamia waya.

Nimemuuliza gari lijalo linaingia lini. Nimeuliza mara moja tu.

"Kesho asubuhi," akajibu.

Sasa nakaa kushoto kwake.